Dakika Tano za Kunyamaza

Fundi wangu hakujaribu vipaza sauti kwa kusema "moja, mbili, moja, mbili" kama mafundi wenzake. Yeye alipiga mluzi. Mluzi mmoja mfupi kwenye kila kipaza, anasikiliza ukumbi unavyoupokea, anazungusha kitufe, anahamia kinachofuata. Kigugumizi alichokuwa nacho hakikupenda kazi ya kuhesabu mbele ya viti mia mbili, hata kama viti vyenyewe vilikuwa vitupu.

Kwa kawaida nilikuwa namjibu. Akipiga wake jukwaani, napiga wangu mlangoni, anageuka na kunicheka kwa macho, na siku yangu inakuwa imeanza. Asubuhi ile ya Jumamosi, siku ya mwisho ya kongamano letu, nilijaribu, ukatoka upepo mtupu. Aligeuka hata hivyo.

"Njoo nikuvishe," alisema.

Nilikuwa na mada ya kutoa saa tatu. Nilipanda jukwaani, nikainua kidevu, naye akaanza kunibana kile kipaza kidogo kwenye kola. Alikuwa ananukia sabuni. Siku mbili alikuwa hajanitazama usoni, na hata pale, tukiwa karibu kiasi cha kuhesabiana kope, macho yake yaliishia shingoni kwangu. Nilimtamani.

"Umeongea na mama?" niliuliza.

"Nimeongea."

"Kasemaje?"

"Kasema ke... ke..."

"Kesho hawaji," nilimalizia.

Vidole vyake vikasimama kwenye kola yangu.

"Nilitaka kusema," alijibu polepole, "kesho inategemea leo. Hajaamua. Atanipa jibu leo, kongamano likiisha." Akameza mate. "Unaona lakini, Mwalimu?"

Niliona. Ningependa kusema sikuona, lakini niliona vizuri sana, na uso ukaniwaka.

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Mimi si... si... si wa kukusamehe peke yangu."

Safari hii nilijiuma ulimi mpaka akafika mwisho. Alinigonga kidogo begani kuonyesha amemaliza kunivisha, akashuka kwenda kwenye meza yake ya mitambo nyuma ya ukumbi. Nikabaki na karatasi zangu. Mada yangu siku ile ilihusu kusikiliza. Cheka tu, hata mimi ningecheka kama isingekuwa yangu.

Niseme mambo yalivyokuwa. Ninafundisha balagha, yaani elimu ya kusema mtu akasikilizwa, na kongamano lilikuwa la wanawake wanaochunguza kwa nini wengine husema miaka nenda rudi bila kusikilizwa. Nimezaliwa katika nyumba ya watoto saba, na mezani kwetu aliyenyamaza kuvuta pumzi alikuwa amepoteza zamu. Nikakua na mdomo wa haraka, nikaajiriwa kwa sababu ya mdomo huo, nikasifiwa kwa mdomo huo. Kisha nikampenda mwanamume anayehitaji muda kusema jina lake mwenyewe.

Siku iliyofuata, Jumapili, Fundi, mama yake na baba yake mdogo walitakiwa waje nyumbani kwetu kuongea na wazazi wangu. Mama yangu alishafua mapazia. Baba alishanyoa ndevu, jambo ambalo halifanyi hata kwa daktari. Lakini majuma mawili nyuma Fundi alinipeleka kwao kula chakula cha mchana, na nilipoondoka pale mama yake alimwambia, "Huyo simwendei." Hakusema sababu, na Fundi alinifikishia neno hilo Alhamisi tu, kongamano likianza. Fundi aliijua, nami nilikuwa nikijidanganya kwamba siijui. Baba yake alishafariki, na bila mama asingetoka hatua moja. Si kwa uoga. Alimheshimu mno mama yule aliyemlea kwa sindano na uzi.

Na sasa mama yule alikuwa kwenye kongamano letu, ana beji shingoni, ana meza yake.

Hiyo ilikuwa kazi ya Dada Ratiba, mwenzangu wa idarani, aliyekabidhiwa kila kitu kisichokuwa mada: matembezi ya alfajiri, kifungua kinywa ambapo maprofesa wanakaa na wanafunzi na kuulizwa maswali ya aibu, chumba cha watoto, muziki wa Ijumaa. Dada Ratiba ana kanuni moja na haipindi. Mwenye beji ni mshiriki. Awe ametoa mada au amefagia ukumbi, anakula meza moja na wengine na anaingia kila shughuli. Alipotafuta mshonaji wa kusimamia meza ya kushona, Fundi akamtajia mama yake, wakati huo bado mambo yakiwa mazuri. Mtaani kwao mama huyo anaitwa Mama Sindano, na nadhani si kwa sababu ya cherehani peke yake.

Meza yenyewe ilipendwa kuliko mada zote. Kila mshiriki alipewa kipande cha kitambaa ashone neno moja alilowahi kuambiwa na mwanamke aliyemfundisha kusema, kisha vipande vyote viunganishwe kuwa shuka moja kubwa. Wakati wa chai nilikwenda. Niliwakuta wasomi wenye vitabu vinne vinne wamejiinamia kama wasichana wa darasa la tatu, na Mama Sindano anazunguka nyuma yao, miwani puani.

"Profesa, huo si mshono," alikuwa akisema. "Huo ni mwendo wa mlevi. Fumua."

"Mama, nimefumua mara mbili!"

"Ya tatu ndiyo ya kujifunza."

Profesa akafumua, anacheka. Nikavuta kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama juu ya miwani. "Umekuja kushona au umekuja kuongea?"

"Kushona, mama."

"Haya, shona."

Nikachukua sindano, uzi ukagoma kuingia. Nikaulamba, nikaupindisha, nikautia tena. Nilimsikia Mama Sindano akipumua nyuma yangu, na ukimya ule ukaanza kunitambaa mwilini kama siafu. Mimi ukimya siuwezi. Nikajikuta nimeshafungua mdomo.

"Mada yangu ya asubuhi imekwenda vizuri, mama. Watu wameuliza maswali mengi. Sijui kama uliisikia, ukumbi ulikuwa..."

"Niliisikia. Umesema vizuri. Wewe kusema unajua."

Kutoka kinywani mwa mtu mwingine ingekuwa sifa.

"Mama," nilishusha sauti, "niambie tu kosa langu. Nitalirekebisha."

Alikaa kiti cha jirani. Aliniondolea sindano mkononi, nikadhani ananisaidia, kumbe aliitia kwenye kijaluba chake na kunipa nyingine yenye tundu kubwa zaidi, ya kushonea magunia.

"Mimi nina mtoto mmoja," alisema. "Mtu akiniletea mtumba nikate, nakata bila kufikiri. Akiniletea kitambaa ambacho hakuna kingine dukani, napima, nalala, naamka, napima tena. Sijakuambia hapana. Bado napima."

"Unapima nini, mama?"

"Ungekuwa unajua kusikiliza usingeniuliza."

Profesa aliyekuwa akifumua aliacha kufumua. Nikainama nikashona, na sina haja ya kueleza mshono wangu ulivyokuwa.

Shughuli ya mwisho ilikuwa saa tisa alasiri. Kwenye karatasi iliandikwa Saa ya Kusikiliza, na kila mwaka ndiyo inayowatoa watu machozi. Mnakaa wawili wawili, magoti yakikaribia kugusana. Mmoja anasema dakika tano jambo lolote linalomkaa moyoni. Mwingine haruhusiwi kujibu, kuuliza wala kuguna. Kengele ikilia mnabadilishana. Baadaye jozi chache zinasimama mbele, na kila mtu anayasema maneno ya mwenzake kana kwamba ni yake. Huruhusiwi kusema "yeye". Lazima useme "mimi". Ni mchezo wa watu wa balagha, na niliuandikia hata makala.

Dada Ratiba alipitisha kikapu cha vifungo vya nguo, kila kifungo kina pacha wake. Mimi nilitoa kifungo kikubwa cheupe cha koti. Nikatembea ukumbi mzima nikikiinua juu, mpaka nilipomwona aliyeshika mwenzake. Alikuwa amekaa tayari, mikono mapajani, miwani puani.

Nilirudi mbio kwa Dada Ratiba.

"Nibadilishie."

"Vifungo havibadilishwi."

"Dada, yule ni mama yake Fundi!"

"Namjua. Si ndiye aliyenikopesha vifungo?"

"Umefanya makusudi?"

"Mimi?" Aliweka mkono kifuani. "Mpenzi, nina watu sitini na nne hapa, mtoto mmoja katapika kwenye zulia, na mpishi anauliza kuhusu sahani. Nipate wapi nafasi ya kukufanyia njama? Nenda kakae."

Nilikwenda nikakaa. Nyuma kabisa, kwenye meza ya mitambo, Fundi alikuwa amesimama wima. Ametuona. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alinitazama machoni, na mtazamo ule ulikuwa umejaa huruma na hofu na mapenzi, vyote kwa pamoja, mpaka nikataka kunyanyuka niende kwake. Kengele ikalia.

"Naanza mimi," alisema Mama Sindano. "Ni mkubwa."

Nikaitikia kwa kichwa, halafu nikakumbuka hata hilo haliruhusiwi.

"Mwanangu alikuwa na miaka saba. Mwalimu alimwambia asome mbele ya darasa. Neno la kwanza likakwama, watoto wakacheka. Mwalimu akasema, kaa chini, mwenzako amalizie. Akarudi nyumbani akaweka mkoba, na hakusema neno mpaka shule zikafungwa. Miezi miwili. Unajua nyumba inakuwaje mtoto akinyamaza miezi miwili?"

Nilifungua mdomo. Akainua kidole. Nikaufunga.

"Nikamsemea mimi. Dukani, hospitali, kwa mjomba wake, mimi. Nilijua anataka nini kabla hajaguna. Akakua, akaenda kujifunza mitambo, nikaona ameanza kurudi. Anapiga simu mwenyewe. Anabishana na mwenye nyumba mwenyewe! Siku alipobishana na mwenye nyumba nilijifungia chumbani nikalia kwa furaha. Halafu siku ile mmekuja kwangu. Nimepakua, tumekaa. Akaanza kunieleza mlivyokutana, mwenyewe, kwa furaha yake. Ukamalizia. Akaanza kusema kazi yake mpya. Ukamalizia. Mara ya tatu alianza kuniomba baraka, binti. Mimi mama yake. Alikuwa ananiomba baraka, na wewe ukamtoa neno mdomoni ukanipa wewe. Nikamwona anaweka kijiko chini, vilevile kama alivyoweka ule mkoba."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Machozi yakanitoka, nikayaacha yatiririke kwa kuwa hata kuyafuta niliona kama ni kujibu.

"Sikuchukii," alisema. "Unampenda, si kipofu mimi. Lakini siku moja mimi sitakuwepo. Nyumba ile mtakuwa wawili, na mmoja wenu atakuwa ananyamaza. Hilo ndilo ninalopima."

Kengele ikalia, ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimeandaa utetezi mzuri tangu Alhamisi, wenye utangulizi na hoja tatu. Haikuja hata moja.

"Ni kweli, mama," nilisema. "Kwetu tuko saba, sote tunaongea, na nilimkata kauli. Mara tatu. Na leo asubuhi tena." Nikanyamaza, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika zamu yangu. "Sio kwamba sina subira naye. Neno linapomkwama naona shingo yake inavyokaza, naona macho yake yanavyonitafuta, na mimi naumia. Naona kama anazama. Nataka nimtoe upesi. Nikishasema lile neno napata nafuu, nadhani na yeye kapata. Sijawahi kumuuliza. Mimi ninayefundisha watu kuuliza, sijawahi kumuuliza. Nampenda, mama, nampenda hata anaponuna. Ukisema hapana sitakulaumu. Nitalia sana, lakini sitakulaumu."

Zilibaki dakika tatu. Tulikaa tukitazamana, magoti yetu yamegusana, hadi kengele ilipolia.

"Nani anasimama kwanza?" aliuliza Dada Ratiba.

Mama Sindano akainua mkono. Ukumbi ukampigia makofi, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshafumuliwa na yeye angalau mara moja.

Nilianza mimi. Nikasimama mbele ya watu sitini na nikasema, "Mimi nina mtoto mmoja." Nikasema habari ya mkoba na ya miezi miwili, na ya mama aliyejifungia chumbani kulia kwa furaha. Nilipofika kwenye kijiko sauti ilinikatika. Ni jambo moja kusikia umefanya kosa, na ni jingine kusema "mimi niliona mwanangu akiweka kijiko chini" na kumwona kweli, kwa macho ya aliyemzaa. Nilipokaa, Mama Sindano alinipa leso yake bila kunitazama.

Kisha akasimama yeye.

"Mimi ni mwalimu," alianza, akaweka mkono kiunoni. "Nina digrii sina idadi, na uzi kwenye sindano siwezi kutia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikacheka pia, na leso puani.

"Nyumbani kwetu tuko saba, sote tunaongea. Nimekosa, nakubali. Mara tatu. Na leo asubuhi tena." Akanitupia jicho, hilo la asubuhi lilikuwa jipya kwake. "Sio kwamba sina subira naye. Neno likimkwama, mimi naona shingo yake inakaza. Naona macho yake yananitafuta. Mimi naumia. Naona kama mwanangu anazama, nataka nimtoe upesi..."

Akanyamaza. Sikuwa nimesema "mwanangu".

Hakuna aliyecheka. Mama Sindano alivua miwani, akaitazama, akaivaa tena.

"Nikishalisema lile neno," aliendelea, polepole sasa, "mimi napata nafuu. Nadhani na yeye kapata. Sijawahi kumuuliza."

Akakaa. Mikono yake, ambayo siku tatu haikutulia hata dakika, ilikuwa imelala mapajani. Nilitaka kuishika, sikuthubutu.

Dada Ratiba alijifuta jicho, akachungulia kikapu chake. "Kuna kifungo kimoja kimebaki, pacha wake kapotea. Nani hakuchukua?"

Watu wakageuka. Nyuma ya ukumbi Fundi alivua vile visikizio vyake vikubwa, akaviweka mezani.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa na ki... kipima muda."

"Mwenye beji ni mshiriki," alisema Dada Ratiba. "Njoo. Nani atamsikiliza?"

Tulisema "mimi" kwa pamoja, mama yake na mimi. Wakavuta kiti cha tatu.

Aliketi mbele yetu. Akakataa kipaza sauti, akauliza kama tunaweza kufanya wenyewe tu, wengine waendelee na mambo yao. Dada Ratiba akachukua kipima muda, akawaamuru watu waende kuangalia shuka lililounganishwa. Walikwenda, ingawa wengi waliangalia shuka kwa jicho moja. Kengele ikalia.

"Mama," alisema Fundi. "Mwalimu." Akavuta pumzi. "Mnanipenda, na mnanicho... mnanicho..."

Nilijua neno. Mama yake alilijua. Nilimwona anakaza midomo, nami nikashika ukingo wa kiti. Sekunde zikapita. Shingo yake ilikaza, macho yake yakatutafuta, mimi kisha yeye, na kwa mara ya kwanza niliyatazama mpaka mwisho badala ya kuyakimbia. Hakuwa anazama. Alikuwa anafanya kazi, kama mtu anayefungua nati iliyoganda, na uso wake ulikuwa mtulivu kuliko wetu.

"Mnanichosha," alisema.

Mama yake alitoa sauti fulani puani.

"Usigune, Mama. Ni kanuni." Akatabasamu, moyo wangu ukaenda wote. "Mwalimu hakuanza yeye. Ulianza wewe. Nilikuwa na miaka saba, nikanyamaza miezi miwili, kweli. Baada ya hapo nilikuwa nataka kusema. Lakini kila nikifungua mdomo u... u... umeshasema. Ukasema vizuri. Nikaona basi, ya nini."

Mama Sindano alikuwa ameshika leso ambayo nilikuwa nimemrudishia. Hakuguna.

"Kuna siku nachoka. Siku hiyo nataka mnisaidie, na nita... nitaomba. Nikikutazama Mwalimu, si kwamba naomba. Nakutazama kwa sababu napenda kukutazama." Nikasikia masikio yanapata moto. "Siku ya kwanza nilipiga mluzi hapa ukumbini, ukanijibu kwa mluzi. Hukuniuliza kwa nini sihesabu kama wengine. Mama, watu wote waliwahi ku... kuniuliza. Ndipo nikampenda. Ana mdomo, ndiyo. Lakini nikimwambia kitu anakisikia. Hajawahi kuambiwa tu. Hilo ni kosa langu, nimekuwa nanuna badala ya kumwambia. Nanuna kwa ufundi sana, nimejifunza kwako, Mama."

Akatafuta kilichobaki.

"Na ile baraka. Siku ile sikuimaliza. Nai... nai..."

Nilihesabu vifungo vya shati lake. Vilikuwa sita. Kule kwenye shuka hata wale waliojifanya hawasikilizi walikuwa wamenyamaza.

"Naiomba," alisema. "Mwenyewe."

Dakika tano hazikuwa zimeisha, ila alikuwa amemaliza. Mama Sindano alikuwa analia waziwazi, mdomo wazi, kama wanavyolia watu ambao hawajazoea. Alinyoosha mkono, nikadhani anautaka wa mwanawe. Akauchukua wangu.

Kengele ikalia. Dada Ratiba akaja taratibu, karatasi mkononi.

"Haya, kanuni ni kanuni. Nani kati yenu anasimama kumsemea?"

Mdomo wangu ulishafunguka, Mungu anisamehe. Mama Sindano akanibana vidole.

"Hasemewi," alimwambia Dada Ratiba. "Kashasema."

Kisha akamgeukia mwanawe. Angeweza kuniuliza mimi. Mimi ndiye niliyejua kwetu wanaamka saa ngapi na mapazia yamekauka au la.

"Kesho kwa wakwe tunakwenda saa ngapi?"

"Sa..." alisema Fundi. "Sa... sa..."

Wapishi walikuwa wameanza kupanga vikombe vya chai ya kuagana. Mtu alikuwa anatuita tupige picha na shuka. Baba yake mdogo alihitaji kupigiwa simu, mama yangu alihitaji kupigiwa simu, na hakuna kati yetu aliyesogea. Tulikuwa tumeshikana mikono, Mama Sindano na mimi, tunamtazama, tuna siku nzima.

"Saa nne," alisema.